Nani Anayesema? Uhakiki wa Fumbo la Vipande Kuhusu Mkataba wa Edo

Ndugu walimu, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona kurasa hizi za uhakiki, ambazo tumezizoea kwa riwaya, tamthilia na diwani, leo zimetolewa kwa mchezo wa watoto. Naomba radhi, na pia naomba subira. Kazi ninayokusudia kuihakiki ni fumbo la vipande, yaani picha moja iliyochapwa juu ya kadibodi na kukatwa vipande 500 vyenye meno na mapengo, ili mchezaji aviunganishe tena, kila kimoja na jirani yake, hata picha irudi kuwa nzima. Nililinunua katika soko la Owino, mjini Kampala, katikati ya marundo ya mitumba, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kamba ya katani. Jina la waliolitengeneza limekwanguka, na jina la mchoraji halikuandikwa popote. Kilichosalia ni maelezo mafupi kwamba picha yaonyesha kutiwa saini kwa mkataba wa urafiki na biashara kati ya Uingereza na Japani, mjini Edo, tarehe 26 Agosti 1858.

Mwalimu mwenzangu aliponikuta nikilipanga juu ya meza ya chumba cha walimu aliniuliza kama nimekosa madaftari ya kusahihisha. Nilikuwa nayo mengi. Hata hivyo, siku ya tatu alasiri ni yeye aliyekuwa ameinama juu ya meza, kikombe cha chai kimepoa pembeni, akitafuta kipande chenye nusu ya kiatu.

Nianze na fani, kwani bila ya kuielewa fani ya mchezo huu hatuwezi kuona unavyotenda kazi yake juu ya mtazamaji. Fumbo la vipande halikuzaliwa kuwa mchezo. Katika miaka ya 1760 John Spilsbury, mchonga ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao kisha akaikata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi. Kilikuwa kifaa cha kufundishia jiografia, na ramani za namna hiyo zilitumika hata katika malezi ya watoto wa Mfalme George wa Tatu. Mtoto alishika Ufaransa mkononi, akaiweka kando ya Hispania, akajifunza. Nadhani alijifunza na jambo jingine ambalo halikuwamo katika somo: kwamba nchi ni kitu cha kuinuliwa kwa vidole viwili na kuwekwa mahali pake na mtu aliyeketi London. Lakini nisimwonee Spilsbury. Alikuwa mfanyabiashara aliyetafuta riziki, na wazo lake lilikuwa zuri.

Baadaye ramani iliacha nafasi kwa picha za kila aina, na hapo msumeno ukabadili tabia. Katika ramani, msumeno ulifuata maana ya picha, kwa kuwa ulikata pale ambapo nchi moja inakwisha na nyingine kuanza. Katika picha, msumeno haujali maana. Unapita katikati ya uso wa mtu, unamwachia jicho moja huku na jicho jingine kule. Mchezaji naye halazimiki kufuata utaratibu wa mchoraji. Mchoraji alitaka tuanze na waheshimiwa walio mbele. Sisi tunaanza na kingo, kwa sababu vipande vyake vina upande ulionyooka. Kisha tunafuata rangi kali, kisha nyuso, na mwisho kabisa, kwa uchovu na manung'uniko, tunajaza sehemu za giza ambazo hakuna aliyetaka kuzitazama. Basi picha ya vipande ni picha inayosomwa kinyume. Kilichofichwa na mchoraji katika giza hushikwa mkononi kipande kwa kipande, kikageuzwa, kikachunguzwa kuliko hata uso wa bwana mkubwa, ambao ulikamilika siku ya kwanza.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Ni chumba cha hekalu, mikeka myepesi sakafuni, milango ya karatasi ikipitisha mwanga wa rangi ya maziwa. Upande wa kushoto ameketi Lord Elgin, mjumbe wa Malkia Victoria, mnene, mwenye nywele nyeupe ingawa siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 47 tu. Nyuma yake wamesimama maofisa wa manowari wenye vifungo vya dhahabu. Kulia wameketi makamishna sita wa serikali ya Shogun, mavazi yao yamepakwa rangi kwa upendo mwingi: kijivu cha hariri, buluu ya usiku, nyeusi yenye nembo ndogo nyeupe. Mezani pana karatasi, wino, na brashi za kuandikia. Namsifu mchoraji kwa brashi hizo. Angekuwa mvivu angewapa Wajapani kalamu za manyoya. Namsifu pia kwa jambo kubwa zaidi. Wajapani hawakuchorwa wafupi, wala hawakuinama, wala hawakupewa nyuso za kikaragosi tunazozijua katika picha nyingi za zama za ukoloni. Macho ya Elgin na macho ya kamishna wa kwanza yako kimo kimoja, na yanakutana juu ya meza. Elgin ameufungua mkono kama mtu aliye katikati ya sentensi. Kamishna ameinua kidevu kidogo kama mtu anayesikiliza na kuelewa.

Hapo ndipo picha inaposema uongo.

Si mimi niliyeugundua uongo huo. Nilipolibeba fumbo darasani, tayari limeungwa juu ya ubao, niliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu habari za mkataba. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, hawa wanazungumza lugha gani?" Nilianza kujibu, nikasita. Nilitazama tena ule mkono uliofunguliwa na kile kidevu kilichoinuliwa. Elgin hakujua Kijapani. Kati ya makamishna wale hapakuwa na aliyeweza kujadiliana naye kwa Kiingereza. Watu wawili waliochorwa wakizungumza hawakuwa wanazungumza hata kidogo.

Turudi katika historia. Elgin alifika Japani akitoka Uchina, ambako mwezi wa Juni 1858 alikuwa ametia saini mkataba wa Tianjin kwa nguvu ya mizinga. (Huyu ndiye aliyeamuru mwaka 1860 kuchomwa kwa Kasri la Kiangazi la Beijing, na baba yake ndiye aliyechukua sanamu za hekalu la Parthenon. Familia hii imeacha alama katika ustaarabu wa watu wengine.) Alikuja na merikebu chache na bila ya mkalimani wa Kijapani. Ilimbidi amwazime mkalimani wa Wamarekani. Huyo alikuwa Henry Heusken, kijana aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1832, aliyehamia Marekani, na ambaye tangu mwaka 1856 alikuwa katibu na mkalimani wa balozi mdogo Townsend Harris katika bandari ya Shimoda. Lakini Heusken naye hakuajiriwa kwa ajili ya Kijapani. Aliajiriwa kwa ajili ya Kiholanzi, lugha ya mama yake.

Sababu yake ni hii. Tangu mwaka 1641 Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, tena wakiwa wamefungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, mjini Nagasaki. Hivyo Kiholanzi kikawa mlango wa Japani kuelekea Ulaya, na ukalimani wake ukawa kazi ya kurithi, baba akimwachia mwana. Kutoka katika kundi hilo la Nagasaki alitokea Moriyama Einosuke, mkalimani mkuu wa upande wa Kijapani. Kwa hiyo sentensi ya Elgin ilisafiri hivi: kutoka Kiingereza ikaingia Kiholanzi kinywani mwa Heusken, ikatoka Kiholanzi ikaingia Kijapani kinywani mwa Moriyama, ndipo ikawafikia makamishna. Jibu lilirudi kwa njia iyo hiyo. Isitoshe, Kiholanzi cha pande mbili hakikuwa kimoja. Harris aliandika katika shajara yake kwamba wakalimani wa Kijapani walisema Kiholanzi cha wafanyabiashara na mabaharia wa karne zilizopita, nao walitaka maneno yawekwe katika tafsiri kwa mpangilio ule ule wa Kijapani. Heusken, mzaliwa wa Amsterdam, ilimlazimu kujifunza upya lugha yake mwenyewe kwa lafudhi ya Nagasaki.

Moriyama anastahili aya yake. Mwaka 1848 Ranald MacDonald, mtu aliyechanganya damu ya Kiskoti na ya Wenyeji wa Amerika, alijipenyeza Japani kwa mashua akijifanya amevunjikiwa na chombo. Alikamatwa, akapelekwa Nagasaki, na humo kifungoni akawafundisha wakalimani kadhaa Kiingereza kabla ya kuondolewa mwaka uliofuata. Moriyama alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Sisi tunaolalamika kwamba madarasa yetu yana madawati machache na vitabu pungufu tulifikirie darasa hilo: mwalimu ni mfungwa, wanafunzi ni watumishi wa serikali iliyomfunga, na kati yao kuna vizuizi vya mbao.

Je, mchoraji aliwasahau wakalimani? Hapana, na hili ndilo fumbo la vipande liliponifaa kuliko picha ya kawaida. Siku ya tatu, tulipokuwa tukijaza lile giza la kahawia nyuma ya kiti cha Elgin, vipande vilianza kuonyesha bega, kisha ukosi wa koti lisilo la kijeshi, kisha uso wa kijana ametazama chini, midomo imefungwa. Mkononi ana karatasi. Upande wa pili, nyuma ya makamishna, akajitokeza mtu aliyepiga magoti, naye kimya. Wakalimani wamo. Wamechorwa kama watumishi wanaosubiri kutumwa chai. Katika chumba kile, kwa hakika, hao wawili ndio waliokuwa wakisema muda wote, na wenye mamlaka ndio waliokuwa wakisubiri. Mchoraji amewapa ndimi wale waliokuwa kimya, na amewafunga midomo wale waliokuwa wakisema.

Kuna watakaosema kwamba ninamdai mchoraji zaidi ya uwezo wa sanaa yake, kwa kuwa picha haina sauti. Hoja hiyo haina uzito. Mchoraji aliyeweza kutofautisha brashi na kalamu angeweza kumsogeza kijana hatua mbili mbele, akamweka kati ya wale wawili, akamgeuzia kila mmoja sikio lake. Hilo ni suala la mpangilio, nao mpangilio ndio maudhui ya picha ya namna hii. Kwa kumweka mkalimani gizani, picha inatufundisha kwamba mataifa huelewana kwa sababu wakubwa wao wametazamana machoni. Mwalimu wa lugha akikubali fundisho hilo, na aifunge shule.

Nililotaka kulisisitiza zaidi limo katika mkataba wenyewe. Kifungu cha 21 kinasema kwamba mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, Kijapani na Kiholanzi, na kwamba nakala ya Kiholanzi ndiyo itakayohesabiwa kuwa ya asili. Tafakarini jambo hilo. Waingereza na Wajapani walipatana, na neno la mwisho juu ya mapatano yao likakabidhiwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Walikuwa wamekiri, kwa wino, kwamba mkataba ulizaliwa kinywani mwa wakalimani. Lakini kifungu hicho hicho kiliongeza kuwa tangu hapo barua rasmi za mabalozi wa Uingereza zitaandikwa kwa Kiingereza, zikiambatana na tafsiri ya Kiholanzi au Kijapani kwa muda wa miaka mitano tu. Mlango wa Kiholanzi uliheshimiwa siku moja na kupewa tarehe ya kufungwa siku iyo hiyo. Baada ya miaka mitano, atakayetaka kuelewa aelewe Kiingereza.

Sisi wa Uganda tuna kipimo chetu cha kulipimia jambo hili. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa na maandishi ya Kiingereza na Kiganda, na ulitamka wazi kuwa maandishi ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu juu ya pande zote mbili. Hapakuwa na lugha ya tatu, wala muda wa miaka mitano. Na kabla ya hapo, mwaka 1875, Stanley alipoondoka katika kasri la Kabaka Mutesa, alimwacha kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari Unguja, awe msomaji na mfasiri wa Kabaka. Picha za Stanley na Mutesa mmeziona vitabuni. Nawaomba mzitazame tena na kumtafuta Dallington.

Picha yetu ina ukimya mwingine ambao hata mkalimani asingeweza kuutafsiri. Mkataba ulitiwa saini kwa jina la Shogun, ambaye Waingereza walimwita Taikun. Shogun Tokugawa Iesada alikuwa amekwisha kufa tarehe 14 Agosti, siku 12 kabla ya saini. Kifo chake kilifichwa, kikatangazwa baadaye. Makamishna wale sita waliketi mbele ya Elgin wakizungumza kwa niaba ya maiti, na nyuso zao hazikubadilika. Tena siku ile ile Elgin aliikabidhi zawadi ya Malkia Victoria, jahazi la fahari la mvuke lililoitwa Emperor, maana yake Mfalme Mkuu. Zawadi yenye jina la Mfalme Mkuu ilipokelewa na serikali ya mtu ambaye hakuwa Mfalme Mkuu, naye amekufa, huku Mfalme Mkuu wa kweli akiwa Kyoto na mikataba hii hakuiridhia. Mwandishi wa tamthilia akituletea kisa kama hicho tungemwambia apunguze kejeli.

Nikiyatazama macho ya makamishna katika picha, yale niliyoyasifu kwa kuwa kimo kimoja na macho ya Elgin, nahisi kwamba mchoraji alipata bila kujua kitu cha kweli: utulivu wa watu wanaobeba siri.

Juu ya neno "urafiki" lililomo katika maelezo ya sanduku sitasema mengi, kwa kuwa masharti yanajieleza. Bandari za Hakodate, Kanagawa na Nagasaki zilifunguliwa kwa Waingereza tarehe 1 Julai 1859, na nyingine baadaye. Mwingereza aliyefanya kosa Japani alihukumiwa na balozi mdogo wake, kwa sheria za kwao. Ushuru wa bidhaa za pamba na sufi, ambazo Uingereza ndiyo iliyokuwa nazo tele, ulipunguzwa hadi asilimia 5, wakati bidhaa nyingi nyingine zilitozwa 20 na vileo 35. Wajapani walitumia miaka mingi kujivua mkataba huo: mkataba mpya wa kufuta mahakama za kibalozi ulitiwa saini London mwaka 1894 na kuanza kazi mwaka 1899, na uhuru kamili wa kujipangia ushuru haukupatikana hadi mwaka 1911. Urafiki wenye kuchukua miaka 53 kuupunguza makali ni urafiki wa namna yake.

Na hao waliochorwa? Kamishna Hori alijiua mwaka 1860. Iwase, ambaye wengi humhesabu kuwa hodari wa kundi lile, aliondolewa kazini na kuwekwa kizuizini nyumbani. Alikufa mwaka 1861. Heusken alivamiwa na watu wenye panga akirudi nyumbani kwa farasi usiku, mjini Edo, mwezi wa Januari 1861. Alikufa kwa majeraha, hajatimiza miaka 29. Aliyechorwa ametazama chini gizani hakuwa amejificha vya kutosha.

Waingereza hawakuwa wageni kabisa. Mwaka 1613 nahodha John Saris alileta barua ya Mfalme James wa Kwanza kwa Tokugawa Ieyasu, na aliyeitafsiri alikuwa William Adams, baharia Mwingereza aliyekuwa amekaa Japani tangu mwaka 1600 na kuijua lugha. Wakati huo hapakuhitajika Kiholanzi. Kituo chao cha biashara huko Hirado kilifungwa mwaka 1623 kwa hasara, na walipojaribu kurudi mwaka 1673 walikataliwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba mfalme wao ameoa binti wa kifalme wa Ureno.

Lakini kama ningepewa ruhusa ya kuagiza fumbo jingine la vipande, ningechagua Nagasaki ya tarehe 14 Oktoba 1854. Siku hiyo Admeri James Stirling alitia saini mkataba wa kwanza kati ya Uingereza na serikali ya Shogun. Stirling hakutumwa kufanya mkataba. Uingereza ilikuwa katika vita na Urusi, naye alitaka kujua kama Wajapani wataziruhusu manowari za pande zinazopigana kutumia bandari zao. Swali hilo, lilipokwisha kupita katika ukalimani, liliwafikia wenyeji likiwa ombi la Waingereza kufunguliwa bandari. Wenyeji wakajibu ombi. Stirling akapokea jibu la swali ambalo hakuliuliza. Na nchi mbili zikapata mkataba uliozifungua Nagasaki na Hakodate kwa merikebu za Uingereza kutengenezwa na kuchukua mahitaji.

Mkalimani wa Stirling alikuwa Mjapani aliyeitwa Otokichi. Mwaka 1832, akiwa kijana, alikuwa katika jahazi la mchele lililoelekea Edo. Dhoruba ililikokota nje ya pwani, likaelea baharini zaidi ya mwaka mzima, na kati ya mabaharia 14 walifika watatu tu wakiwa hai katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, mwaka 1834. Walishikwa mateka na Wamakah, wakachukuliwa na Kampuni ya Hudson's Bay, wakapelekwa London, kisha Macau. Huko walimsaidia mmisionari Gützlaff kuifasiri Injili ya Yohana katika Kijapani. Mwaka 1837 merikebu ya Marekani, Morrison, ilijaribu kuwarudisha kwao, ikapigwa mizinga ikageuka. Otokichi alifanya kazi Shanghai, akawa raia wa Uingereza, akafa Singapore mwaka 1867. Kijapani alichokuja nacho Nagasaki mwaka 1854 kilikuwa kile alichoondoka nacho: Kijapani cha chomboni, cha kuvuta kamba na kupima mchele. Hakupata kukaa barazani kujifunza jinsi ofisa anavyomwambia ofisa mwenziwe neno la vita na neno la kutounga mkono upande wowote. Sisi tunaofundisha tunajua pengo hilo. Tuna wanafunzi wanaokisema Kiswahili cha sokoni na cha kituo cha matatu kwa ufasaha wa kuonewa wivu, nao wakiombwa waandike barua ya maombi hukwama mstari wa kwanza. Humcheka Otokichi asiyejua kazi yetu.

Uso wa Otokichi ungepaswa kuwa katikati ya picha hiyo, na mdomo wazi.

Narudi darasani. Baada ya swali la yule msichana niliacha somo nililoliandaa nikafanya zoezi jingine. Nilimpa mwanafunzi mmoja sentensi ya Kiingereza, kwa siri. Aliifasiri kwa Kiswahili sikioni mwa mwenziwe, huyo akaitia katika Kiacholi kwa wa tatu, wa tatu akaitia katika Kiswahili tena kwa wa nne, na wa nne akaitangaza mbele ya darasa kwa Kiganda. Sentensi ilikuwa ya mgeni aombaye apishwe njia ya kwenda kisimani. Ilipotangazwa, mgeni alikuwa anadai kisima. Darasa lilicheka hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Kisha tukakaa chini tukaifuata sentensi kinywa kwa kinywa, tukitafuta ni wapi njia ilipopotea. Iligunduliwa kwa yule wa tatu, ambaye alikuwa amelisikia neno "kupishwa" kuwa "kupewa", naye alijitetea kwa nguvu kwamba katika hali ile mtu anayepishwa ni kama amepewa. Mjadala wa vitenzi vya kutendwa na kutendewa uliofuata ulikuwa bora kuliko wote niliopata kuufundisha, na kengele ililia hatujamaliza.

Mwenzangu yule wa madaftari amekwisha kuliazima fumbo kwa ajili ya darasa lake la historia. Mwanachama mwingine atakayelihitaji baada yake na aniandikie kwa anwani ya chama. Vipande ni 500 kamili. Naomba vihesabiwe kabla ya sanduku kufungwa, hasa vile vya kahawia.